Kukata Neno: Kutoka Matbaa ya Peramiho hadi Amri Ijiitayo

Mwendo wa kilomita zipatazo 24 magharibi mwa mji wa Songea ipo Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1898, ikateketezwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha ikajengwa upya. Matbaa yake ilitoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa mbali na Ruvuma. Zama za herufi za risasi, mpanga herufi alizitwaa moja moja kutoka katika kasha, akazipanga hata mstari ukajaa. Na neno lisilotosha alilikata kwa kistari. Alikate wapi? Kamusi sanifu ya mwaka 1939 haionyeshi mipaka ya silabi. Hakuwa na mwalimu ila sikio lake.

Kazi hiyo leo twaiachia kompyuta. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, akichukizwa na sura ya kurasa za kitabu chake mwenyewe, alianza kuitunga TeX, lugha ya kupangia chapa. Na mwaka 1983 mwanafunzi wake Frank Liang alitoa tasnifu juu ya kukata maneno kwa mashine. Ndani ya TeX mtu aweza kutunga makro, yaani amri fupi isimamayo badala ya amri nyingi, na makro yaweza kujiita yenyewe. Hutwaa herufi ya kwanza, huuliza kama ndiyo alama ya mwisho. Kama siyo, huiandika, hutia mkato ikiwa ni irabu, kisha hujiita ili itwae herufi ifuatayo.

Kwa Kiswahili kanuni ya “kata baada ya irabu” yaonekana kutosha, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Hata tahajia za ng', dh na gh haziisumbui makro, kwa kuwa zote hutangulia irabu. Neno kama “daktari” hukatwa vibaya, lakini hayo ni machache. Mitego miwili ni ya TeX yenyewe. Makro itwaayo herufi moja moja huzimeza nafasi zilizo kati ya maneno, hivyo sharti kwanza sentensi ikatwe kwa nafasi, ndipo neno likatwe kwa herufi. Tena, ikijiita kabla ya kulifunga sharti lake, mabaki hurundikana mpaka mashine ikatae kuendelea. Yangu ilikataa mara nyingi.

Kosa kubwa halikuwa la mashine. Niliitumia makro hiyo kuhesabu mizani katika mashairi ya mzee mmoja wa Umatengo, nchi ya kahawa, nikamrudishia karatasi zake zimejaa wino mwekundu: vipande vya mizani nane nilivihesabu saba. Yeye aliniomba tu nimsomee kwa sauti. Hapa natunga kipande changu chenye umbo lile lile: “Mbuni wangu wazaa.” Ikiwa ni mti wa kahawa, twasoma m-bu-ni, na mizani ni nane. Ikiwa ni wale ndege wakubwa wasioruka, twasoma mbu-ni, na mizani ni saba. Upatanisho wa sarufi hautusaidii, kwa sababu “wazaa” ni la mti mmoja na pia la ndege wengi. Makro yangu ilimsoma mzee kama mfuga ndege.

Sababu yake ni ya kihistoria. M ya mti ilikuwa mu-, kiambishi cha ngeli, na katika Kingoni cha Songea irabu hiyo ingalipo: mtu ni “mundu”. M ya ndege ni sehemu ya mb, nayo haikupata kuwa na irabu. Mwandishi wa hati za Kiarabu aliweza kuitia mimu dhuma na kuitofautisha. Hati ya Kirumi, kama alivyoitumia Askofu Steere katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, na kama ilivyosanifiwa baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, ilifuata matamshi ya Unguja na kuiacha u. Sioni kwamba ilikosea; ila iliweka sauti mbili katika herufi moja.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya washairi tu. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa neno mchapaji hapati hasara: kwa kawaida TeX haikubali kuacha herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari. Lakini tazama katikati ya neno. “Alimbeba” yafaa kukatwa alim-beba, kwa kuwa m ni ya mtendwa. “Amelimbikiza” yafaa kukatwa ameli-mbikiza, kwa kuwa mb ni ya shina. Herufi limb ni zile zile, na hakuna orodha ya herufi itakayoitenga moja na nyingine pasipo kulijua shina la kitenzi.

Basi nimeongeza katika makro alama moja, ambayo mwandishi huitia baada ya m iliyo silabi. Haichapwi, huhesabiwa tu. Ni kazi ya mkono, neno kwa neno. Mashairi ya mzee nimeyapitia tena kwa njia hiyo, na wino mwekundu nimeufuta wote isipokuwa mahali pawili, ambapo bado tunabishana.