Mbavu za nguruwe za kubanika (Katavi)

Mbavu za nguruwe za kubanika ni nyama ya ubavu inayoivishwa taratibu kwa joto la pembeni na moshi wa kuni, aghalabu kwenye jiko la pipa uani. Mkoani Katavi, kama kwingine Tanzania Bara, pishi hili ni la nyumbani zaidi kuliko la baa. Vibanda vya kitimoto hukaanga nyama kwa mafuta yake yenyewe, au huichoma harakaharaka juu ya makaa mekundu, kwa kuwa mteja aliyeagiza nusu kilo hasubiri saa tano.

Jina

Nguruwe anayeliwa ana majina mengi mtaani: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Yote ni majina ya kujificha, yaliyozaliwa kati ya majirani ambao wengine dini yao, Uislamu au Usabato, inawakataza nyama hiyo. Uhasama nao umewahi kulipuka: Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivamiwa Dar es Salaam. Kuhusu “kiti moto” maelezo ni kadhaa. Yanayosikika zaidi ni kwamba mlaji hukaa kama aliyekalia moto, akihofia kuonwa. “Kubanika” halina utata wowote.

Historia

Uchanja ulitangulia nguruwe. Huko Karema na Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, migebuka, samaki wa ziwa hilo, hupangwa juu ya fito na kupigwa moshi hadi ngozi igeuke rangi ya shaba, kisha husafirishwa bara. Wawindaji wa Upimbwe na Ukonongo nao walikausha nyama ya pori kwa moto mdogo ili ifike nyumbani bila kuoza. Leo uwindaji bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi imekuwapo tangu 1974; ustadi wa moshi umebaki, nyama imebadilika.

Nguruwe wa kufugwa ni mgeni. Tanganyika ilimpokea kwa sehemu kubwa kupitia misheni na walowezi. Miongoni mwa wamisionari hao, Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885. Mpanda, makao makuu ya mkoa, ni mji wa reli na madini: tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa kufuata mgodi wa risasi na kukamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa muongo mmoja baadaye, treni ikabaki. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa.

Namna ya kubanika

Jiko ni nusu ya pipa la lita 200 lililolazwa, lenye wavu na kifuniko cha bati. Pipa lililobeba kemikali halifai hata likioshwa mara kumi. Jipya huchomwa kwanza tupu kwa moto mkali ili rangi yote iungue.

Ubavu hutolewa kwanza utando mweupe wa upande wa ndani: mpini wa kijiko hupenyezwa juu ya mfupa, utando ukinyanyuka hushikwa kwa kitambaa kikavu na kuvutwa wote kwa mara moja. Ukiachwa huzuia chumvi na moshi, kisha hutafunika kama mpira. Nyama hupakwa chumvi (ya Uvinza ikipatikana), kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, ikalazwa usiku mmoja.

Makaa husogezwa upande mmoja wa pipa, mbavu zikawekwa upande wa pili, mfupa chini, na sufuria ya maji huwekwa chini yake kudaka mafuta. Joto linalotakiwa ni nyuzi 105 hadi 120 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto huweka kiganja usawa wa wavu. Akivumilia hesabu ya polepole hadi nane, moto uko sawa. Wakulima wa tumbaku wa Katumba na Mishamo wana faida hapa, maana bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, limewafundisha kulea moto mdogo usiku kucha. Tofauti ni kwamba jani la tumbaku hutaka hewa ya moto bila moshi, na ubavu hutaka vyote viwili.

Kuni nzuri ni za mwembe au mpera, zilizokauka. Miti ya miombo hutoa makaa bora. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa samawati. Mweupe mzito huacha uchungu ulimini. Maranda ya seremala yaepukwe, kwani huenda yana vanishi au dawa ya mchwa.

Baada ya saa mbili au tatu nyama hutoa jasho na joto lake la ndani hukwama. Ndipo wageni wa kazi huongeza makaa na kuharibu kila kitu. Dawa ni kusubiri, au kuzifunga mbavu kwa jani la mgomba. Asali, ambayo Inyonga inasifika kwayo, hupakwa nusu saa ya mwisho tu, kwa sababu huungua upesi. Mbavu za nguruwe mkubwa wa kisasa huchukua saa tano au sita. Za mweusi wa kienyeji, ambazo ni tamu zaidi, saa nne zinatosha. Dalili ya kuiva ni ncha za mifupa kuchomoza upana wa ukucha. Wekundu hafifu chini ya uso wa nyama ni kazi ya moshi, si ubichi.

Huliwa kwa ndizi za kuchoma au ugali, kachumbari na mchuzi mkali wa ukwaju.

Afya

Nyama ikaguliwe na ipigwe mhuri. Yenye vijivimbe vyeupe kama punje za mchele ina tegu, ambaye mayai yake yakimezwa huweza kusababisha kifafa. Moto wa kubanika hadi ndani huua vijivimbe hivyo.

Hali ya sasa

Tishio kubwa kwa wafugaji ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haimwambukizi binadamu, haina tiba, na virusi vyake huishi ndani ya ngiri na kupe laini bila kuwadhuru. Karantini ikitangazwa, nguruwe na nyama yake havitoki eneo husika, na mwenye pipa uani hurudi kwenye mgebuka.