Kukaza Nati za Magurudumu kwa Kipimo Sahihi: Mwongozo kwa Wanaosafiri Barabara ya Itigi–Rungwa

Barabara inayotoka Mkiwa kupitia Itigi na Rungwa hadi Makongolosi, yenye urefu wa takriban kilomita 400, ni kiungo muhimu kati ya Mkoa wa Singida na Mkoa wa Mbeya. Kutoka Rungwa ipo pia njia iendayo Ipole, Sikonge na Tabora. Magari ya abiria, malori ya mazao, magari ya wafanyabiashara ya asali na yale ya shughuli za uhifadhi hupita katika eneo hili mwaka mzima.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo imekuwa ya udongo na changarawe. Mtikisiko wa mfululizo, vumbi na pancha za mara kwa mara huyapa magurudumu kazi ngumu kuliko ile ya barabara za lami za mjini. Aidha, barabara hupita katika misitu ya miombo na kandokando ya Pori la Akiba Rungwa, linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), makazi ya tembo, nyati na simba. Gurudumu likichomoka huko, dereva na abiria hubaki mbali na gereji, mbali na zahanati, katikati ya mbung'o na wanyama wakali. Ndiyo maana nati za magurudumu zinastahili uangalizi ule ule unaopewa breki na usukani.

Kazi ya nati

Wengi hudhani kuwa gurudumu hubebwa na bolti zinazopita katika matundu ya rimu. Ukweli ni kwamba kazi ya nati ni kuibana rimu juu ya habu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito na kuhimili breki. Nati inapokazwa, bolti hunyooka kidogo sana, mfano wa mpira unaovutwa, na mvuto huo ndio unaobana. Kwa gari dogo lenye bolti za unene wa milimita 12, nati moja iliyokazwa ipasavyo hubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4.

Nati ikiwa legevu, rimu huanza kucheza. Kila mzunguko wa gurudumu huipinda bolti huku na huku, matundu ya rimu hupanuka, na hatimaye bolti hukatika. Ikikatika moja, mzigo wake huhamia kwa zilizobaki, nazo hufuata.

Kukaza kupita kiasi nako kuna madhara. Bolti huvutwa hadi ikashindwa kurudi katika hali yake, meno yake huharibika, na diski ya breki yaweza kupinda. Isitoshe, nati iliyokazwa mno haifunguki dereva apatapo pancha porini. Mtu mwenye kilo 70 akisimama juu ya mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita hutoa takriban nyutoni mita 343, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha magari mengi madogo.

Viwango

Nguvu ya kukazia hupimwa kwa nyutoni mita (Nm). Kiwango cha kila gari kimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, nacho ndicho cha kufuatwa. Kwa kulinganisha tu:

- Magari madogo mengi: Nm 100 hadi 120. Toyota Corolla nyingi ni Nm 103.
- Toyota Land Cruiser za kazi zenye rimu za chuma: Nm 209. Zenye rimu za aluminiamu: Nm 131.
- Malori makubwa yenye bolti 10 kwa kila gurudumu: kwa kawaida Nm 600 hadi 700.

Ikumbukwe kuwa rimu ya chuma na rimu ya aluminiamu za gari lile lile zaweza kuwa na viwango tofauti na hata nati tofauti. Nati zenye kichwa cha mteremko huelekezwa upande wa rimu, na hazifai kutumika badala ya zile zenye washa bapa.

Hatua za kufuata

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu mengine na uweke alama za tahadhari. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari kwa jeki.
2. Baada ya kutoa gurudumu, safisha uso wa habu na wa rimu kwa brashi ya waya. Kutu, tope au rangi nene iliyobaki kati ya nyuso hizo husagika gari linapotembea, nati zikabaki legevu hata kama zilikazwa vizuri.
3. Safisha meno ya bolti, lakini usiyapake mafuta wala grisi isipokuwa mtengenezaji ameelekeza. Viwango vingi vimewekwa kwa meno makavu. Mafuta hupunguza msuguano, hivyo nguvu ile ile ya spana yaweza kuivuta bolti kwa theluthi moja zaidi ya ilivyokusudiwa.
4. Anza kuzungusha nati kwa mkono. Ikiwa haiingii kwa urahisi, irudishe na uangalie meno, usiilazimishe kwa spana.
5. Kaza kwa kupishana. Kwa nati 5, zihesabu kwa kuzunguka kisha ufuate mpangilio wa 1, 3, 5, 2, 4. Kwa nati 6, kila baada ya moja nenda kwa iliyo mkabala nayo. Kukaza kwa kufuatana huliacha gurudumu limekaa upande.
6. Gari likiwa bado juu ya jeki, kaza hadi takriban nusu ya kiwango. Lishushe hadi tairi liguse ardhi, kisha ukamilishe kwa mpangilio ule ule.
7. Tumia spana ya kupimia. Ile inayotoa mlio ikifikia kiwango, isimamishe hapo hapo, usiirudie mara ya pili kwa kishindo. Isitumike kufungulia nati, na baada ya kazi irudishwe kwenye kipimo chake cha chini kabisa.

Mashine ya upepo ya gereji inafaa kwa kufungulia na kusogeza nati mwanzoni. Isiwe ndiyo ya kukamilishia, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kulingana na shinikizo la upepo.

Pasipo na spana ya kupimia

Katika vijiji ambako chombo hicho hakipatikani, mizani ya kuning'iniza, kama ile inayotumika kupimia asali na mazao, yaweza kusaidia kwa dharura. Weka mpini wa spana ulale sawa na ardhi kuelekea kushoto kwako, fungia ndoano ya mizani kwenye mpini umbali wa nusu mita kutoka katikati ya nati, kisha vuta juu polepole, mizani ikiwa wima. Mizani ikisoma kilo 21, nguvu ya kukazia ni takriban Nm 103. Kwa Nm 209, tumia mpini wa mita moja kwa usomaji huo huo, au nusu mita kwa kilo 43. Njia hii haichukui nafasi ya spana ya kupimia. Ukifika kwenye gereji yenye chombo hicho, omba nati zihakikiwe.

Ukaguzi baada ya safari kuanza

Nyuso zilizobanwa hujikalisha gari linapotembea. Kwa sababu hiyo, nati zikazwe upya kwa kiwango kile kile baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Dereva aliyebadilisha tairi Itigi asisubiri hadi Makongolosi, bali asimame njiani mahali penye usalama na kukagua.

Dalili za nati legevu ni pamoja na usukani kutetemeka, mlio wa kugonga unaobadilika kwa mwendo, mistari ya kutu inayoanzia kwenye nati, na chuma kinachong'aa pembezoni mwa matundu ya rimu. Ukiona dalili mojawapo, punguza mwendo taratibu na usimame. Kwa lori lenye bolti moja iliyokatika, badilisha pia zile mbili za jirani. Zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote za gurudumu hilo. Baadhi ya malori ya zamani yana nati za upande wa kushoto zinazokazwa kwa kuzungushwa kinyume, hivyo soma alama iliyopo kwenye bolti kabla ya kuanza.

Wajibu wa mmiliki na dereva

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu. Kwa vyombo vya biashara ya abiria na mizigo, udhibiti wa usafiri upo chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Kukagua nati kabla ya safari ni sehemu ya wajibu huo, na huchukua dakika chache.

Wananchi wanaosafiri kupitia Rungwa wanashauriwa kubeba jeki, spana inayolingana na nati za gari lao, kibao cha kuwekea jeki juu ya udongo laini, tairi la akiba lenye upepo wa kutosha, na maji ya kunywa. Gari likiharibika ndani au kandokando ya pori, abiria wabaki karibu na gari na wasitawanyike kutafuta msaada kwa miguu. Abiria naye anayo haki ya kumwomba dereva asimame pale gurudumu linapogonga au gari linapotetemeka isivyo kawaida. Kwa dharura, Jeshi la Polisi hupatikana kwa namba 112 palipo na mtandao wa simu.