Kabla ya Kishikwambi Kulikuwa na Redio

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Tarime. Mdogo wangu, anayefundisha shule ya msingi huko Serengeti, alikuja likizo na kishikwambi chake cha kazi, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, kisha vikagawiwa walimu. Akamwonyesha mama jinsi mwalimu wa siku hizi anavyosomea mafunzo kazini humohumo kwenye kioo. Mama, mwalimu mstaafu, akakigeuzageuza, akauliza:

"Na mkishasoma, nani anakaa na nyinyi?"

Tulicheka. Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba aliuliza kwa uzoefu, maana yeye mwenyewe alisomea ualimu kwa mashine. Mashine yake ilikuwa redio.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukiandika habari za elimu na teknolojia tunaanzia kwenye intaneti, kana kwamba kabla ya hapo kulikuwa na ubao na chaki tu. Hebu turudi mwaka 1974. Mwaka huo yalitokea mambo mawili ambayo ni nadra kuyaona yakisimuliwa pamoja. La kwanza, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za hesabu za serikali kuleta hasara. La pili, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, hapahapa mkoani kwetu, ikapitisha Azimio la Musoma: kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989. Yaani miaka 12 ilifutwa kwa kikao kimoja.

Sasa walimu watoke wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingetosha kabisa. Basi ikaamuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu hukohuko vijijini, kwa miaka mitatu, huku wakifundisha. Masomo yangekuja kwa posta na kwa redio, na wakufunzi wangewasimamia. Njia hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imekusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kijitabu chake na kiongozi wake. Redio ilieleza habari za choo, lakini aliyeuliza nani bado hajachimba alikuwa kiongozi wa kikundi.

Mama alianza mwaka 1976 akiwa na miaka 16. Asubuhi alifundisha darasa la kwanza chini ya mti, mchana akageuka mwanafunzi. Redio ilikuwa ya mwalimu mkuu. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikipata nguvu ya nusu saa wanawahi kipindi. Majibu ya mazoezi yalikwenda kwa posta, yakarudi baada ya majuma mengi yamejaa wino mwekundu. Siku redio ikikoroma tu, walibaki na kijitabu na mkufunzi wao, mzee mmoja aliyekuja kwa baiskeli na kukaa nyuma ya darasa akiwatazama wakifundisha.

"Redio ilitusomesha," mama husema, "ila aliyetufanya walimu ni yule mzee."

Na walilipwa nini? Kejeli. Mpango ule uliitwa UPE kwa kifupi cha Kiingereza, na watu wakakifasiri wanavyotaka: Ualimu Pasipo Elimu. Nakiri hapa kwamba nikiwa sekondari niliurudia utani huo mbele ya wenzangu, tena kwa sauti, nikiomba moyoni mtu asiniulize mama yangu anafanya kazi gani. Ada yangu ilitoka kwenye mshahara huohuo. Ni kweli ubora uliyumba: madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, na mama mwenyewe anakubali kwamba zipo hesabu za darasa la saba alizozikwepa kwa miaka. Lakini watoto waliofundishwa kusoma na walimu wale ni wengi mno, na baadhi yao ndio waliokuja kuwacheka.

Marufuku ya kompyuta ililegea taratibu. Kwenye miaka ya 2000, wilaya za Serengeti na Bunda zikapata mtandao wa majaribio chini ya COSTECH na chuo cha KTH cha Stockholm. Mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Ng'ambo ya Sirari, shule za serikali za Kenya zilianza kupelekewa tableti za watoto wadogo mwaka 2016. Halafu Machi 2020 korona ikafunga shule, na masomo yakarudi wapi? Redioni, na kwenye televisheni. Mama, aliyekuwa anastaafu mwaka huohuo, alisikia kipindi cha hesabu akiwa jikoni, akaniita: "Mura, njoo usikie, wametukumbuka!"

Leo kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na mpango wenyewe unataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za ujifunzaji. Kwa maneno mengine, kwenye karatasi swali la mama lina jibu. Lakini shuleni kwa mdogo wangu mtandao unashika juu ya jiwe nyuma ya vyoo, chaji inalipiwa dukani, na kila mwalimu ana lundo la madaftari ya kusahihisha. Wakikutana wanasaini mahudhurio, wanatawanyika.

Jioni moja kabla hajarudi kazini, mama alimwambia afungue somo. Lilikuwa la kufundisha kusoma. Kila ukurasa mama alimsimamisha: "Haya, na yule asiyeona ubaoni utamfanyaje? Na yule anayejua Kikurya tu?" Mdogo wangu akajibu, wakabishana, wakarudia. Bando likaisha wakiwa hawajafika mwisho, nao wakaendelea bila kishikwambi mpaka ugali ukapoa.

Mimi nilikaa pembeni, nikikumbuka ule utani wangu wa sekondari. Sijawahi kumwambia mama. Akisoma hapa, atajua.