Kinundu na Jipu: Istilahi za Maradhi ya Vali za Moyo

Makala haya yaeleza jinsi chombo cha uganga kilivyozusha haja ya maneno mapya, na hatari iliyopo tukiyachanganya.

Mwaka 1885 William Osler alitoa mihadhara mjini London juu ya maradhi ya vali za moyo yaletwayo na vijidudu. Ushahidi wake mwingi ulitokana na maiti zilizopasuliwa. Mganga wa wakati ule aliweza kuushuku ugonjwa, lakini hakuyaona madhara yake moyoni mpaka mgonjwa amekwisha kufa.

Njia ilifunguka mjini Lund, Uswidi, Oktoba 1953. Mganga Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima chombo cha kukagulia nyufa za vyuma, wakapeleka kifuani mawimbi ya sauti isiyosikika, wakanasa mwangwi wa moyo. Ndiyo asili ya istilahi "kipimo cha mwangwi wa moyo".

Mwaka 1973 waganga wa Marekani, akiwamo Harvey Feigenbaum, walieleza jinsi mwangwi ulivyoonyesha mabonge ya bakteria na damu iliyoganda, yaliyoshika kwenye vali. Kwa Kiingereza mabonge hayo yaitwa kwa jina lile lile la majani na miti. Mfasiri mwenye haraka ataandika "uoto", na msomaji atawaza uoto wa asili wa somo la jiografia. Twapendekeza "kinundu cha vali".

Jipu ni jambo jingine: ni usaha uliopenya nyama iliyo kando ya vali. Mwaka 1991 waganga wa Ujerumani walitoa taarifa ya majipu 46 yaliyothibitishwa kwa upasuaji au uchunguzi wa maiti. Kipimo cha kifuani kilikuwa kimeonyesha 13 tu; kile kipitishwacho umioni, 40. Vigezo vya Chuo Kikuu cha Duke vya mwaka 1994 vikataja mbalimbali kinundu, jipu, na kubanduka kwa vali ya bandia.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kinundu chaweza kumeguka na kuziba mshipa wa ubongo, lakini mara nyingi hutibika kwa viuavijasumu. Jipu kwa kawaida hudai upasuaji. Taarifa isemayo "uvimbe" kwa yote mawili yaweza kumchelewesha mgonjwa asifike mezani kwa mpasuaji.

Twawaomba waganga na wanalugha watoe maoni yao.