Waliotutangulia Darasani



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi wawili watatu hufika ofisini kwa padre wakiwa na swali lile lile. Mtoto amefaulu vizuri, anapenda lugha na historia, pengine anawaza seminari. Je, Kilatini na Kigiriki vitamfikisha wapi? Hapa Majengo, ambapo mtoto huhesabiwa kuwa daktari au mhandisi kabla hajaota meno, swali hilo ni la haki kabisa. Leo nimependa kulijibu kwa njia ya historia, kwa maana wapo walioulizwa swali hilo kabla yetu.

Katika vyuo vikuu vya Marekani upo utaratibu unaonipendeza. Mwanafunzi wa mwaka wa juu anayesoma lugha na maandiko ya kale ya Wagiriki na Warumi huteuliwa kuwa mshauri wa wenzake wanaoanza. Kazi yake si kufundisha. Huwaeleza tu yale aliyoyapitia yeye mwenyewe: kipi kilimchosha, kipi kilimfungua macho, na kwa nini hakuacha. Nilipousoma utaratibu huo nilitambua kwamba sisi tulikuwa nao tangu zamani, bila ofisi wala cheo, katika mabweni ya seminari zetu.

Hata mtakatifu msimamizi wetu sisi maparoko alipitia hapo. Yohane Maria Vianney, aliyezaliwa mwaka 1786, alianza Kilatini akiwa mtu mzima wa miaka kama ishirini, na kichwa kikakataa. Mwalimu wake, Padre Balley, alimweka chini ya mwanafunzi mwenzake aitwaye Mathias Loras, mtoto mdogo kwake kwa miaka sita, ili amsaidie. Inasimuliwa kwamba siku moja yule mtoto alichoka na ugumu wa Vianney, akampiga mbele ya wenzao. Vianney akapiga magoti akamwomba radhi. Mtoto akalia, wakawa marafiki wa maisha. Loras alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Dubuque huko Marekani. Vianney, yule aliyeshindwa na vitenzi, akawa Paroko wa Ars. Kwa hiyo mjue kwamba ushauri wa wanafunzi kwa wanafunzi haujawahi kuwa wa malaika watupu.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa magumu zaidi. Wamisionari walipofungua seminari katika nchi za Maziwa Makuu mwishoni mwa karne ya 19, kijana alitakiwa kujifunza Kilatini kutoka kwa Mzungu ambaye naye alikuwa bado anajifunza lugha ya kijana. Walikuwepo wengi, hata ndani ya Kanisa, waliodhani kwamba jambo hilo haliwezekani. Askofu Henri Streicher wa Uganda hakuwasikiliza. Tarehe 29 Juni 1913, pale Villa Maria, Bazilio Lumu na Victor Mukasa Womeraka walipewa daraja ya upadre baada ya miaka mingi ya masomo. Miaka minne baadaye, mwaka 1917, ikawa zamu yetu: pale Rubya, katika Bukoba, wakapadrishwa Wilbard Mupapi, Oscar Kyakaraba, Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure.

Tusipite haraka hapo. Kabla ya hao, kijana aliyefungua kitabu cha Kilatini hakuwa na mtu wa kwao wa kumwambia kwamba mlima huo una kilele. Baada yao alikuwa naye. Mwaka ule wa 1917 Laurean Rugambwa alikuwa mtoto wa miaka mitano huko huko Bukoba. Yeye hakulazimika kuuliza kama Mhaya anaweza. Aliwaona wanaoadhimisha Misa.

Wala nisiifanye historia hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Kilatini kilitumika kama chekeche. Wapo vijana wema, wenye moyo wa sala, waliorudishwa nyumbani kwa sababu tu ya mitihani ya sarufi, na wengine wakabaki na aibu isiyo ya haki hadi uzee. Tena mlango huo ulikuwa wa wavulana peke yao. Tuliwapoteza wanazuoni wangapi kati ya binti zetu, Mungu ndiye ajuaye.

Katika seminari niliyosoma mimi, aliyenisaidia hakuwa Gombera wala mwalimu wa somo, bali mwenzetu aliyetutangulia madarasa mawili. Sisi tulikuwa tunakariri miisho ya nomino kama kasuku. Yeye akatuambia: Mlatini hubadili mkia wa neno, Mswahili hubadili kichwa. Sisi husema mtu na watu, kitu na vitu, tukigusa mwanzo. Mrumi aligusa mwisho, servus akawa servum, kwa kuonyesha ni nani aliyetenda na nani aliyetendwa. Kuanzia usiku ule nilianza kukiona Kiswahili changu, ambacho hadi hapo nilikuwa nakisema tu kama ninavyopumua.

Jambo hilo hilo, kwa kimo kikubwa zaidi, lilimtokea padre mmoja wa Rwanda. Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912, mwaka ule ule wa Rugambwa, akapadrishwa mwaka 1941. Alipokuwa Roma katika Chuo Kikuu cha Gregoriana alikabidhi mwaka 1955 tasnifu yake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda. Aristotle, Mgiriki, alikuwa ameyagawa yote yaliyopo katika makundi kumi. Kagame hakuridhika kuyakariri makundi hayo. Alirudi kwenye ngeli za Kinyarwanda, lugha ya mama yake, akayapata manne: umuntu, kilicho na akili. Ikintu, kisicho na akili. Ahantu, mahali na wakati. Na ukuntu, jinsi kitu kilivyo. Yote manne yana shina moja, ntu, ndilo hilo lililo katika mtu na kitu vya Kiswahili, na katika mndu wa hapa mlimani. Wapo wanafalsafa waliompinga vikali, mmojawapo Paulin Hountondji wa Benin, na ubishi wao una uzito. Lakini angalieni njia aliyoipita: alikwenda hadi kwa Wagiriki, na huko akaikuta lugha ya nyumbani.

Ndiyo maana huwa sikubaliani sana na neno kwamba lugha hizi ni za kigeni tu. Karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, na humo mna mojawapo ya maelezo ya kale kabisa ya pwani yetu: pembe za ndovu, magamba ya kasa, na bandari ya Rapta, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya Waswahili wa baadaye. Nalo neno askofu lilitutoka kwa Waarabu, waliolipata kutoka Kigiriki. Injili vilevile, na falsafa, na kalamu ambayo ndugu zetu Waislamu wa mtaani wanaijua vizuri kama sisi.

Turudi kwa Rugambwa. Alipewa upadre mwaka 1943, akawa askofu, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati hizi zetu. Mwaka huo huo Joseph Kilasara akawa askofu Mwafrika wa kwanza wa Moshi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, hotuba ukumbini zilitolewa kwa Kilatini. Kardinali Cushing wa Boston, mkuu wa jimbo tajiri, hakuweza kufuatilia, akajitolea kugharamia mitambo ya kutafsiri. Nakiri kwamba habari hii hunifurahisha kuliko inavyostahili padre. Mtoto wa Bukoba, aliyejifunza lugha hiyo katika seminari za nchi za ziwa, alikuwa miongoni mwa walioongoza sauti ya maaskofu wa Afrika katika Mtaguso huo.

Na wakaitumia kufanya nini? Tarehe 4 Desemba 1963 hati juu ya liturujia takatifu ilipitishwa kwa kura 2,147 dhidi ya 4, na kwa hati hiyo ukafunguliwa mlango wa Kiswahili altareni. Kiswahili cha Misa yetu kilihitaji watu wanaokijua Kilatini mpaka kwenye mifupa. Waingereza walipotafsiri jibu la salamu ya padre waliliacha neno roho, wakalirudisha mwaka 2011. Sisi tulikuwa tumelishika muda wote huo. Hiyo ni kazi ya vijana wa jana waliokaririshana miisho ya nomino gizani.

Sasa niwajibu wazazi. Kanisa halijakiondoa Kilatini: kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 bado inawataka wanaojiandaa kwa upadre wakielewe vizuri. Nje ya seminari hali ni tofauti. Ibadan na Legon zilikuwa na idara ya lugha hizo tangu kuanzishwa kwao mwaka 1948. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza na sheria. Ajabu ni kwamba mwanasheria naye hakuweza kukwepa, akakutana na mens rea na habeas corpus. Kwa hiyo mtoto anayependa mambo haya atapita njia nyembamba, na hatapata ajira kwa kutangaza tu kwamba amesoma Kilatini. Atakachopata ni uwezo wa kusoma neno kwa makini, na hilo watu hulilipia katika kazi nyingi ambazo matangazo yake hayalitaji. Lakini mimi si shahidi mzuri, maana mimi mkate wangu ulitoka humo moja kwa moja.

Wapo mashahidi bora katika parokia yetu: waliopita seminari wakaishia mahakamani, benki, shuleni, mmoja katika duka la vipuri. Nimewaomba wanne wakae ukumbini Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, ili vijana, wa kike na wa kiume, wawaulize wanachotaka, pamoja na habari za waliorudishwa nyumbani. Mimi sitakuwepo, mbele ya padre vijana huuliza maswali ya adabu tu.