Nyama ikiwa nyekundu sana, mimi naogopa

Nikiwa mdogo hapa Suneka, mamangu alikuwa na sheria moja: usinunue nyama kabla hujaona muhuri. Unafika bucha, mzee anageuza paja, unatafuta ile alama. Ukiiona, unaitisha nusu kilo. Niliuamini ule muhuri kuliko ripoti yangu ya shule.

Lakini wasee, muhuri unasema jambo moja tu: mkaguzi aliiona nyama hiyo kichinjioni akairidhia. Tuna sheria ya kudhibiti nyama tangu 1972, na ni sheria nzuri. Ila baada ya kichinjio kuna gari, friji, kisu, na mtu anayetaka kuuza.

Julai 2019 ndipo tuliamka. Dennis Okari wa NTV alionyesha jinsi nyama ya supamaketi jijini Nairobi ilivyotiwa sodium metabisulphite. Kemikali hii huifanya nyama iliyochoka ionekane nyekundu kama ya leo asubuhi. Bakteria wako palepale, rangi tu ndiyo inadanganya, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Mnakumbuka vile watu walianza kusema bucha yenye inzi ndiyo salama? Nilicheka, lakini inzi naye huwa ametoka chooni.

Ujanja huu si mgeni. Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha The Jungle, riwaya kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago. Alitaka watu wawahurumie wafanyakazi. Wao wakaangalia sahani zao. Juni 30 mwaka huohuo, Rais Roosevelt akatia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama. Afrika Kusini nako, 2017 na 2018, polony ya kiwandani yenye listeria iliua zaidi ya watu 200. Mitambo ilikuwepo, wakaguzi pia. Kenya ikapiga marufuku bidhaa hizo Machi 2018, na mwaka uliofuata tukajikuta na yetu.

Naona kila mara sheria inafika watu wakiwa wameshakula. Na kadiri nyama inavyosafiri mbali, ndivyo sababu ya kuipaka rangi inavyoongezeka.

Jumamosi mamangu alinituma tena bucha. Muhuri niliuona. Nikauliza pia, “Mzee, jana stima ilipotea saa ngapi?”

Akaniangalia, akaangalia friji. “Chukua matumbo,” akasema. “Hayo ni ya leo.”