Tiba shufaa: mgonjwa akirudishwa nyumbani

Hospitali ikisema mzee arudishwe nyumbani, wengi tunadhani ndiyo basi tena. Sivyo. Ipo tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na kuisaidia familia inayomuuguza.

Aliyeikuza ni Mwingereza Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Kwa kuwasikiliza wagonjwa aliona kwamba haumwi mwili tu: kuna hofu, madeni, ugomvi wa ndugu, na maswali juu ya Mungu. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, London.

Afrika Mashariki, Uganda imefika mbali. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa kwake. Mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa mofini, maana vijijini madaktari ni wachache.

Mofini inaogopwa bure. Ikinywewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na saa alizopanga mtaalamu, haimuui mzee wala haimfanyi teja. Ila hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Anzieni zahanati, muulize hospitali ipi inatoa huduma hii.

Mzee akikunja uso anapogeuzwa, msiseme ni uzee. Mwulizeni panauma wapi, na nini kinamnyima usingizi. Huenda ni shamba ambalo hajaligawa.